Bei Imekuwa Shahidi wa Uongo

Nataka kuzungumza nanyi, ndugu zangu Waislamu wanaume kwa wanawake, juu ya jambo ambalo halikuwahi kunipitikia kuliandikia mpaka lilipokuja likaketi mbele yangu barazani, tena likaletwa na mtu niliyemsomesha mwenyewe.

Ilikuwa mwisho wa Shaabani. Alinijia kijana wangu mmoja, kijana kwa mazoea tu, kwani sasa ni mtu mzima mwenye wake na wana na duka la nguo mjini. Alikaa katika madrasa yangu miaka tisa, akasoma Kur'ani akahitimu, akasoma na fiqhi mpaka mlango wa biashara. Siku hiyo alikuja kwa jambo la kheri, kuuliza habari ya zaka ya mali ya biashara. Mwaka wake hutimia Shaabani, naye anajua kwamba mwenye duka siku hiyo hutakiwa azikadirie bidhaa zake kwa thamani ya soko kisha atoe sehemu moja katika 40. Hesabu hiyo haikumshinda. Lililomtatiza ni jingine. Akaniambia:

"Maalim, ninazo abaya zilizotoka katoni moja. Kitambaa kimoja, mshono mmoja, kiwanda kimoja. Nyingine nimezitundika kwenye kamba, nauza shilingi 2,500. Nyingine nimezitia katika kabati la kioo lenye taa, nauza 7,000. Sasa katika zaka nizihesabu kwa bei gani?"

Nikamuuliza tofauti yake ni nini. Akacheka, akasema tofauti yake ni 4,500.

Kisha akanieleza. Hapo mwanzo zote alizitundika kwa 2,500, na zilikaa. Wanawake walikuwa wakija, wakizishika kwa ncha za vidole, wakaambiana, "Ah, hizi za rahisi," wakenda zao. Akatoa kumi akazitia kwenye kabati, akaandika 7,000, na zikaisha kabla ya Idi. Mama mmoja aliyezikataa za kwenye kamba alirudi akanunua ya kwenye kioo, akaisifu kitambaa, akasema hii ndiyo nguo. "Nami, Maalim, sikumwambia neno. Sikusifu, sikuapa, sikudanganya. Ameuliza bei, nimemtajia. Na wewe mwenyewe ndiye uliyetusomesha kwamba mnunuzi akighibiwa kwa kudhani kwake hana khiyari ya kurudisha. Lakini kwenye zaka naona uzito. Nikizihesabu kwa 7,000 itakuwa nyingi, na haki ya Mungu thamani yake ni 2,500."

Yashikeni maneno hayo ya mwisho, kwani ndiyo yaliyoninyima usingizi. Mbele ya mama wa watu abaya ni ya 7,000. Mbele ya Mwenyezi Mungu, anapotaka kukata fungu la maskini, ni ya 2,500. Ama hiyo bei ya kwenye kioo ilikuwa ikisema nini, ikiwa mwenyewe aliyeiandika haiamini?

Hili si la duka moja, wala si la mji mmoja. Ni maradhi ya wanaadamu wote, na wenzetu wa Magharibi wameyafanyia majaribio wakayaandika. Mwaka 2008 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha habari ya watu 82 waliotiwa vishindo vidogo vya umeme mkononi, kisha wakapewa kidonge cha kutuliza maumivu. Nusu yao waliambiwa kidonge kimoja bei yake ni dola 2.50. Nusu ya pili waliambiwa bei imeshushwa mpaka senti 10. Na kidonge chenyewe, kwa wote, hakikuwa na dawa hata chembe. Katika wale wa dola 2.50, watu 85 katika kila 100 walisema maumivu yamepungua. Katika wale wa senti 10, walikuwa 61. Bei peke yake, isiyo na dawa ndani yake, ilitibu. Mwaka huo huo wataalamu wa California waliwanywesha watu mvinyo ule ule mara mbili kwa bei mbili mbalimbali, huku wakiwatazama bongo zao kwa mashine, wakaona kwamba ile sehemu ya ubongo inayohusika na utamu ilichangamka zaidi walipotajiwa bei kubwa. Kinywaji chao ni haramu na Mungu atuepushe nacho, lakini ubongo tulioumbiwa ni mmoja.

Na mwaka 2018 kampuni ya Marekani ya viatu vya bei nafuu, Payless, ilikodi duka la fahari pande za Los Angeles, ikabandika juu ya mlango jina la Palessi, jina lenye mlio wa Kitaliano, ikapanga viatu vyake vile vile vya dola 20 na dola 40, ikawaalika watu wanaojulikana kwa kufuata mitindo. Wakavishika, wakavisifu ngozi yake na ushonaji wake, wakalipa mamia ya dola. Bei ya juu kabisa ilifika dola 640. Kisha wakaambiwa ukweli, wakarudishiwa fedha zao na viatu wakaachiwa. Lilikuwa tangazo la biashara tu, la kuonyesha kwamba viatu vya rahisi havina kasoro. Ajabu iliyoje! Watu wasiotaja zaka wala akhera walirudisha fedha, na kijana wangu amekuja kuniuliza namna ya kupunguza zaka.

Sasa mtu atasema: Sheikh, mnunuzi ana makosa gani? Bei kubwa ni dalili. Wazee walisema rahisi ni ghali. Nami sikatai. Kitu kizuri hugharimu kukitengeneza, na mara nyingi bei hukifuata. Mkeka wa ukindu uliosukwa kwa miezi hauwezi kuwa na bei ya mkeka wa plastiki. Lakini wazee hao hao walisema pia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake walikijua kizuri kwa kukitazama, si kwa kuuliza bei yake. Bei ilikuwa neno la mwisho. Sisi tumeifanya la kwanza, na mara nyingi la pekee.

Namkumbuka bibi yangu mzaa mama akinunua leso. Alikuwa akiitandua nzima mapajani, akaigeuza ndani nje aone kama rangi imepenya, akaisugua pembe kwa kidole kilicholowa mate aone kama inachuja, akainua juu kwenye mwanga aone wingi wa nyuzi. Ikimpendeza ndipo huuliza, "Kiasi gani, mwanangu?" Na akitajiwa bei kubwa hakusema loo, basi hii lazima ni nzuri. Alisema, "Hii? Punguza."

Hivyo hivyo kwenye udi. Jueni kwamba mti wa udi ukiwa mzima, mbao yake haina harufu ya maana. Ni pale unapoingiwa na ukungu ndipo hutoa utomvu mweusi wa kujitibu, na huo utomvu ndio tunaoulipia. Basi mwenye hila huchukua kipande kikavu kisicho na kitu, akakiroweka katika mafuta ya manukato, akakipaka weusi, akakitia katika kijaluba kilichotandikwa mahameli. Bibi alikuwa na dawa ya hila hiyo. Alitaka kipande kitiwe makaani, akakaa akazungumza mengine. Moshi wa mwanzo hakuuamini. Alingoja ule wa mwisho, kwani kilichopakwa manukato hunukia mwanzo tu, kisha kikatoa harufu ya kuni. Leo mume anaagiza udi kwa simu, anaona picha na bei, anachagua wa bei ya juu kwa sababu harusi ni ya binti yake, kisha wageni wakiingia wanapaliwa na moshi wa kuni na kila mmoja anasifu, maana bei imekwisha kutangazwa jikoni tangu asubuhi.

Lau madhara yangekuwa ni abaya na udi, ningelisema fedha zao na wapoteze. Lakini sivyo.

Dada yangu wa tumbo moja alikuwa na maradhi ya presha ya damu. Daktari alimwandikia amlodipini, dawa ya siku nyingi inayojulikana dunia nzima. Dukani ziko za aina nyingi. Iko iliyotengenezwa na kampuni ya kwanza, na ziko zilizotengenezwa na viwanda vingine, bei yake ni sehemu ndogo ya ile. Sababu ya unafuu si siri. Anayevumbua dawa hupewa haki ya kuwa nayo peke yake kwa miaka 20 tangu alipoomba hataza yake; muda ukiisha, viwanda vingine huruhusiwa kutengeneza dawa ile ile, navyo havina gharama ya uvumbuzi ya kurudisha. Dawa iliyo ndani ni hiyo hiyo. Bodi ya serikali inayosimamia dawa hapa Kenya huzisajili za kwanza na hizi pia.

Dada yangu hakutaka kusikia. "Ndugu yangu," aliniambia, "presha ni maradhi makubwa, hayatibiwi kwa dawa ya shilingi kumi." Akawa ananunua ya ghali. Na kwa kuwa ilimshinda kuinunua kila mwezi, akawa anameza kimoja leo, kesho anapumzika, keshokutwa kimoja, na hakumwambia mtu. Tuliyajua haya baada ya kupigwa na kiharusi, tulipohesabu vidonge vilivyobaki mkobani. Ajali iko mkononi mwa Mwenyezi Mungu na sisemi kwamba lau angelifanya hivi isingelikuwa vile. Nasema tu kwamba daktari alisema nusu ya dawa nzuri si dawa, na kwamba dada yangu leo hawezi kufunga ushungi wake mwenyewe.

Mwenye kusoma hapa asije akafahamu kwamba kila dawa ya rahisi ni salama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, dawa moja katika kila kumi ni hafifu au ya bandia. Vidonge vinavyouzwa sokoni juu ya turubai, jua linaviwakia, viacheni huko huko. Lakini angalieni: mwenye kughushi ana sababu gani ya kughushi kitu cha rahisi peke yake? Huvaa jina la kitu cha ghali, akakiuza karibu na bei yake, kwani anajua bei ile itamziba mnunuzi macho asitazame chupa, asisome tarehe, asiulize imesajiliwa au haikusajiliwa. Kwa hivyo bei kubwa haimkingi mtu na bandia, bali huenda ndiyo nguo bandia ilizovaa.

Narudi kwa kijana wangu na hoja yake, kwani ni hoja ya kisomo na inataka jibu la kisomo. Ni kweli nilimsomesha. Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii, na katika hivyo Fat-hul Muin kilichoandikwa Malabar, India, katika karne ya 16, vinasema kwamba aliyenunua kipande cha kioo kwa kudhani ni kito hana khiyari ya kurudisha hata kama ameghibiwa ghibo kubwa, kwa sababu amefanya taksiri. Ameifuata dhana yake wala hakuchunguza. Ndiyo. Hukumu hiyo ipo na inamwelekea mnunuzi, na kila mama anayenunua kwa kutazama karatasi ya bei badala ya kutazama nguo naijue: kadhi hatamsaidia. Atabaki na kioo chake mkononi.

Lakini huyu kijana amesoma nusu. Kukosekana khiyari si kukosekana dhambi. Mwenye kuuza baada ya adhana ya Ijumaa, naye ni katika walazimika kusali, biashara yake kwetu sisi ni sahihi na yeye ni mwenye kuasi. Na lililo karibu zaidi na kabati lake la kioo ni najshi. Najshi ni mtu kuzidisha bei ya kitu hali hataki kukinunua, ili mwingine asikie adhani kinastahiki. Mtume (S.A.W.) ameikataza, na Hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim. Na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba aliyenaswa kwa najshi hana khiyari vile vile, kwa kuwa amefanya taksiri. Je, yuko mwanachuoni aliyesema kwa hivyo najshi ni halali? La hasha. Ni haramu, na uharamu wake wote umo katika jambo moja: bei imetumwa ikaseme uongo juu ya kitu.

Kijana anasema hakutamka neno. Na yule mwenye kumfunga chuchu mbuzi wake asikamwe siku mbili tatu, mpaka kiwele kikajaa, kisha akampeleka sokoni, ametamka neno gani? Amenyamaza kimya. Kiwele ndicho kilichosema. Mtume (S.A.W.) amelikataza hilo, na hapa amempa mnunuzi ruhusa ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa. Na alipopita penye rundo la nafaka sokoni, akatia mkono ndani vidole vikakuta majimaji, mwenyewe alijitetea kwamba ni mvua. Hakusema nafaka yangu ni kavu. Aliipanga tu ile kavu juu. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa mahali watu wataiona, akamtoa mwenye kughushi katika safu yake.

Mimi sisemi khiyari ya mbuzi yule inathubutu katika abaya. Hilo ni jambo la wanavyuoni na vitabu vyao. Nasema ukijua kwamba mteja anaipokea bei kama habari ya ubora wa kitu, nawe ukaiandika bei hiyo kwa ajili apokee habari usiyoiamini, basi umemwambia uongo kwa maandishi. Na hawa wanaoandika 9,000 wakaikata kwa mstari mwekundu, wakaandika chini yake 4,500, na siku moja haijapata kuuzwa 9,000 tangu iingie dukani, hao hata hawahitaji kiasi. Hao wamesema uongo mtupu.

Nawasikia wafanyabiashara wakisema: Sheikh anataka kutupangia faida. Sitaki. Watu wa Madina walipomwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei zilipopanda, alikataa, akaliacha jambo hilo kwa Mwenyezi Mungu, akachelea kukutana na Mola wake hali yuko mtu anayemdai dhulma. Na alimpa sahaba Urwa dinari moja akamnunulie mbuzi, naye akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake, na Mtume akamwombea baraka katika biashara. Faida ya mia kwa mia, na imeombewa dua! Uza unavyotaka. Mwenye kodi kubwa ya duka azidishe, aliyesafiri mbali azidishe. Ninalokataa ni bei isiyo na sababu nyingine ila kumfanya mtu aone kisichokuwepo.

Imamu Ghazali ametaja katika Ihyaa habari ya Yunus bin Ubaid, aliyekuwa mchaji Mungu na muuza nguo katika Basra. Alikuwa na nguo za dirhamu 400 na nyingine za 200. Akenda kusali, akamwachia duka mtoto wa ndugu yake. Akaja bedui, akataka nguo ya 400. Kijana akamtolea ile ya 200. Bedui akaitazama, akaipenda, akalipa 400 na akaondoka nayo mkononi. Njiani akakutana na Yunus, naye akaitambua nguo yake, akamuuliza ameinunua kiasi gani. Alipotajiwa, akamwambia haifiki zaidi ya 200, arudi akarudishiwe fedha. Bedui akasema kwao nguo kama hii ni 500, na yeye ameridhika nayo. Yunus hakukubali ridhaa hiyo. Akamrudisha mpaka dukani, akampa dirhamu zake 200, kisha akamgeukia mtoto wa ndugu yake kwa ukali, akamuuliza kama haoni haya kupata faida ya mfano wa bei nzima na kuacha kuwatakia kheri Waislamu. Kijana akajitetea kwamba mtu ameichukua kwa ridhaa yake. Yunus akamuuliza: basi mbona hukumridhia yeye unaloridhia nafsi yako?

Tazameni yule bedui. Alikuja na bei ulimini kabla hajaiona nguo. Kwa hiyo 400 akaiona nguo ya 200 kuwa ya 400, na akiachwa angeliiona ya 500. Kijana wa Basra na kijana wangu wamesema neno lile lile: ameridhika. Na jibu ni kwamba ridhaa iliyojengwa juu ya kutojua, wewe mwenye kujua huna haki ya kuila.

Mpaka hapa niliona nimeshinda, na nilikuwa tayari kumwambia hayo yote kijana huyu. Kisha nikakumbuka yangu.

Miaka michache nyuma madrasa yangu ilikuwa na watoto 40, ada shilingi 300 kwa mwezi, na mwenye kushindwa alisamehewa. Wazee wa kamati wakanijia. Wakasema watu wanapeleka watoto wao mbali kwenye madrasa za ada kubwa kwa kuwa wanaiona hii yetu ni ya maskini, nipandishe. Nikapandisha mpaka 1,500, nikaongeza sare. Wallahi sikubadilisha kitu kingine. Msahafu ni ule ule, mikeka ni ile ile, mwalimu ni mimi huyu huyu na meno mawili pungufu. Mwaka haujaisha wakawa 70. Baba mmoja aliyekuwa hanisalimu vizuri akawa ananiinamia, akaniambia siku hizi Kur'ani ya mwanawe imenyooka. Haikunyooka. Ilikuwa ile ile yenye kukokota madda.

Nami nilinyamaza. Nilisema moyoni: sikumwambia neno, ameuliza ada, ametajiwa.

Lakini wale waliokuwa wakisamehewa waliona haya. Hapana aliyewafukuza. Wameona sare, wameona ada, wakajiondoa mmoja mmoja, watoto tisa. Mmoja wao, mwenye sauti ambayo sijapata kuisikia tena, nilimkuta asubuhi moja Marikiti akisukuma mkokoteni wa viazi, saa ambayo wenziwe walikuwa kwenye Yasini. Alinipa mkono, akanibusu wangu. Hakunilaumu, na ingelikuwa nafuu kwangu lau angelilaumu.

Nilirudisha ada ya 300. Wazazi watatu waliwahamisha watoto wao mwezi ule ule, mmoja akasema madrasa imeporomoka. Wale tisa, wamerudi wanne.

Na maradhi haya yamevuka mlango wa duka na wa madrasa, yameingia chumba cha ndani. Binti akiozwa kwa mahari ndogo, wanawake wanaulizana kuna nini, ana kasoro gani. Mtume (S.A.W.) alimwoza mtu asiyekuwa hata na pete ya chuma kwa Kur'ani aliyokuwa ameihifadhi, na hapana aliyeuliza yule mwanamke ana kasoro gani. Hili nitaliandikia mahali pake, kwani likianza halimaliziki hapa.

Kijana wangu nilimwambia haya yote, na ya madrasa pia, ingawa yalinitoa jasho. Juu ya zaka nilimjibu: bidhaa hukadiriwa kwa thamani yake ya kweli sokoni, ukiapa mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba ni 2,500, basi toa kwa 2,500, lakini ujue umekwisha kutoa ushahidi, na wale kumi waliokwisha kununua wanakudai 4,500 kila mmoja mbele ya Mola wako, kwani hukumu ya kadhi si mwisho wa hesabu. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema wanane anawajua, wawili walikuwa wageni kutoka Lamu.

Alinijia tena usiku wa ishirini na tatu wa Ramadhani, baada ya tarawehe. Saba ameshawarudishia. Wa nane amekataa fedha na amekasirika, akasema abaya yake si ya 2,500 na asimvunjie heshima mbele ya watu. Kwenye kabati la kioo amebandika karatasi kwa mwandiko wake: abaya hizi ni sawa na zile za kwenye kamba, bei ni moja, 2,500. Nikamuuliza zinakwendaje. Akasema wateja huisoma ile karatasi, hugeuka wakatazama kwenye kamba, wakarudi kutazama kwenye kioo, kisha wanamuuliza: "Na nzuri huna?"